Rosalind Franklin, dada wa Picha Namba 51

Wadau, siku hizi hata huku Igamba ugomvi wa mtoto ni wa nani ukizuka, watu washataja DNA na Mkemia Mkuu. Lakini dada aliyetuonyesha umbo la hiyo DNA, wangapi wanamjua?

Rosalind Franklin alizaliwa London mwaka 1920. Alisoma kemia Cambridge, kazi ya kuchungulia umbo la vitu kwa eksirei akaijulia Paris, na mwaka 1951 akaingia King's College, London. Pale akaona uzi wa DNA ukipata unyevu hurefuka na kubadili umbo, basi akawa anaupima huo unyevu kwa makini. Mei 1952, yeye na mwanafunzi wake Raymond Gosling wakapata Picha Namba 51: alama ya X, dalili ya uzi uliojisokota.

Januari 1953 Maurice Wilkins, mwenzake kazini, akamwonyesha James Watson picha ile bila mwenyewe kujua. Aprili, Watson na Francis Crick wakatangaza umbo la DNA. (Makala ya dada nayo ilitoka jarida lilelile, ila ikawekwa nyuma. Jamani!)

Kansa ya ovari ilimuua Aprili 1958, akiwa na miaka 37. Nobel ya 1962 wakagawana wale wanaume watatu.