Karl King, Mzee wa Bendi

Wenzangu, bendi inayopiga kwenye gwaride tunaijua, lakini waliotunga muziki wake huwa hatuwajui. Mmoja wao ni Karl King, aliyezaliwa mwaka 1891 huko Paintersville, jimbo la Ohio, Marekani.

Mtaka cha mvunguni huinama. Akiwa kijana mdogo aliuza magazeti ndipo akapata pesa za kununua tarumbeta yake ya kwanza. Shule aliiacha mapema akajifunza kazi ya kupiga chapa (walimu wetu wasingekubali hata kidogo!). Mwaka 1910 akajiunga na bendi ya sarakasi, leo mji huu, kesho ule. Mwaka 1913, akiwa na miaka 22 tu, aliitungia sarakasi ya Barnum & Bailey wimbo wa gwaride ambao bendi zinaupiga hadi leo. Baadaye akawa kiongozi wa bendi ya sarakasi hiyo hiyo.

Jina lilikuwa limeshavuma. Hata hivyo, aliachana na mahema, na mwaka 1920 akahamia Fort Dodge, mji mdogo wa Iowa, kuongoza bendi ya wenyeji. Kumbe ndio amefika! Aliiongoza kwa miaka 50 na ushei.

Lakini bendi hula pesa. Mwaka 1921 Iowa ilipitisha sheria ya kuruhusu miji kutoza kodi ya kuendesha bendi, wananchi wakikubali kwa kura. King naye akaitungia sheria hiyo wimbo. Hebu fikiria, wimbo wa kusifia kodi!

Alitunga pia nyimbo nyepesi ambazo bendi za wanafunzi ziliziweza. Alifariki Machi 1971, akiwa na miaka 80, na bendi ya Fort Dodge ikapewa jina lake.