Samuel Plimsoll na alama iliyookoa mabaharia

Siku utakapovuka kwa feri kutoka Likoni kwenda kisiwani Mombasa, nayo meli ya shehena ikawa inaingia Kilindini, itazame ubavuni, pale katikati baina ya omo na tezi. Utaona duara lililokatwa na mstari, na kando yake vijistari vingine kama vipago vya ngazi, kila kimoja na herufi yake. Wengi wetu tumeiona alama hiyo tangu utotoni tukidhani ni nembo ya wenye meli. Sivyo. Alama hiyo ni amri. Maana yake ni kwamba maji yakifika hapo, usipakie tena hata gunia moja.

Mabaharia wa dunia nzima wanaiita alama hiyo kwa jina la mtu, naye ni Samuel Plimsoll wa Uingereza. Bwana huyu hakuwa baharia, wala hakuwa fundi wa kuunda vyombo. Alikuwa mfanyabiashara wa makaa ya mawe. Hata hivyo, hapana mhandisi leo awezaye kuchora meli ya shehena bila ya kuupigia hesabu mstari huo alioupigania Plimsoll. Basi na tuyatazame maisha yake, kwani yanatuhusu sisi watu wa pwani kuliko tunavyodhani.

UTOTO NA DHIKI

Plimsoll alizaliwa mjini Bristol tarehe 10 Februari 1824, akakulia Penrith na Sheffield. Hakusoma sana. Akiwa bado kijana aliingia kazi ya ukarani, na baadaye akapanda cheo hata akawa meneja katika kiwanda cha bia mjini Sheffield.

Mnamo mwaka 1853 alikwenda London kujaribu bahati yake katika biashara ya makaa ya mawe. Mambo yakamwendea kombo, akafilisika. Mtu aliyezoea kuvaa vizuri akajikuta analala katika nyumba za kupanga za mafukara, pamoja na vibarua wasio na kesho. Huko ndiko alikopata elimu ambayo hakuipata shuleni. Aliona jinsi maskini wanavyosaidiana na kugawana kidogo walicho nacho, na jinsi mke wa mfanyakazi anavyokaa na hofu kila mumewe anapotoka kwenda kazini. Jambo hilo halikumtoka moyoni maisha yake yote.

Baadaye biashara yake ya makaa ilisimama, akatajirika. Mwaka 1857 alimwoa Eliza Ann Railton, ambaye alikuja kuwa msaidizi wake katika vita vyake vyote. Mwaka 1868 alichaguliwa kuwa Mbunge wa Derby, mji ulio bara kabisa usio na bahari. Cha ajabu ni kwamba mbunge wa mji huo wa bara ndiye aliyekuja kuwatetea mabaharia.

MAJENEZA YAELEAYO

Katika miaka hiyo Uingereza ilikuwa na meli nyingi kuliko taifa lolote, na meli nyingi zilikuwa zikizama. Mwezi Januari 1866 meli iliyoitwa London, iliyokuwa ikienda Melbourne, ilizama katika Ghuba ya Biscay na kuua watu wapatao 220. Walionusurika walikuwa 19 tu. Meli ilikuwa imeshiba shehena na makaa, nayo ilikaa chini sana majini. Lakini hiyo ilikuwa meli kubwa yenye abiria, ndiyo maana magazeti yakaiandika. Vyombo vidogo vya makaa na nafaka vilizama kila majira ya baridi bila ya watu kushtuka.

Sababu haikuwa dhoruba peke yake. Kulikuwa na bima. Tajiri aliweza kununua meli kuukuu kwa bei ya kutupa, akaipaka rangi, akaibadili jina, kisha akaikatia bima kwa fedha nyingi kuliko thamani yake. Ikifika salama, amefaidi. Ikizama, pia amefaidi. Aliyepata hasara ni baharia na mkewe na watoto wake. Meli za namna hiyo zilipewa jina la majeneza.

Na baharia hakuwa na la kufanya. Akishatia saini mkataba, kisha akafika gatini na kuona chombo kimechoka au kimejazwa kupita kiasi, alikuwa hana ruhusa ya kukataa kwenda. Akikataa, sheria ilimpeleka jela kwa wiki kadhaa. Mabaharia wengi walichagua jela.

Plimsoll alipoanza kuchunguza alikuta mambo ya kutisha katika uundaji wenyewe. Katika baadhi ya meli za mbao, fundi aliyetakiwa kupitisha boliti nzima ya shaba kuunganisha mbao na mataruma alipigilia kichwa tu na kipande kifupi, ndani hamna kitu. Kwa nje boliti yaonekana imara, na mkaguzi hupita akaridhika. Wazee wetu walioshona mitepe kwa kamba za makumbi hawakutumia msumari hata mmoja, lakini kila fundo lilikuwa la kweli. Kuna wenye meli wengine waliozikata meli zao katikati wakaongeza kipande ili zipate kubeba zaidi, bila ya kuutia nguvu mkuku wala mbavu. Chombo kikawa kirefu na dhaifu, kikakatika kinapopandishwa na wimbi.

HESABU YA MAJI

Ubaya mkubwa kuliko yote ulikuwa kupakia kupita kiasi. Hapa yafaa kueleza kidogo. Meli yenye uzito wa tani elfu, pamoja na shehena yake, husukuma kando maji ya tani elfu, ndipo ikaelea. Sehemu ya ubavu iliyobaki juu ya maji ndiyo akiba yake. Wimbi likipanda darini na kumwaga maji, chombo kinaongezewa uzito, nacho kinazama kidogo kutafuta nguvu katika akiba hiyo, kisha kinainuka tena. Meli iliyopakiwa hata dari ikakaribia usawa wa maji haina akiba. Wimbi la kwanza likiingia linaitia uzito, la pili linaikuta iko chini zaidi, na la tatu linaimaliza.

Kuweka alama ya mwisho wa shehena hakukuwa wazo jipya. Zamani sana, katika zama za kati, miji ya Venice na Genoa ilikuwa na sheria za namna hiyo. Na huko Uingereza yenyewe aliyeanza kulipigania jambo hili si Plimsoll bali James Hall, mwenye meli wa upande wa mto Tyne. Plimsoll alilichukua wazo la Hall mnamo mwaka 1870, akalipeleka Bungeni, na tangu siku hiyo hakuliachilia.

NGUMI BUNGENI

Mwaka 1873 alitoa kitabu chake juu ya mabaharia, akaeleza aliyoyaona na kusikia. Nchi ikatikisika. Serikali ikaunda Tume. Wenye meli nao wakamfungulia kesi za kuwavunjia heshima, na haki yasema kwamba kitabu kile kilikuwa na makosa, kwani Plimsoll alikuwa mtu wa hamaki na mara nyingine aliamini maneno kabla ya kuyapima. Lakini kiini cha hoja yake hakikuweza kupingwa.

Mswada wake wa mwaka 1874 ulishindwa kwa kura tatu tu, 173 dhidi ya 170. Mwaka uliofuata Serikali ya Disraeli ilileta mswada wake wenyewe, dhaifu lakini bora kuliko kukosa. Kisha tarehe 22 Julai 1875 Waziri Mkuu alitangaza kuwa mswada huo unaachwa, kwa kuwa Bunge halina nafasi.

Plimsoll alisimama huku akitetemeka kwa hasira. Alijua kuwa majira ya baridi yanakuja, na kwamba kila mwezi wa kuchelewa una watu wake watakaokufa maji. Alitikisa ngumi, akamtaja kwa jina mbunge mwenzake ambaye meli zake zilikuwa zimezama, akawaita watu wa aina hiyo waovu, na alipoambiwa ayafute maneno yake akakataa. Akaamriwa kutoka nje. Baada ya wiki moja alirudi akaomba radhi kwa kuvunja adabu ya Bunge, ila madai yake juu ya meli hakuyarudisha.

Wakati huo watu walikuwa wamekwisha kuamka. Mikutano ilifanywa katika miji mingi, na Serikali ikaona haina njia. Sheria ya muda ilipitishwa mwaka huo huo wa 1875, na ya kudumu mwaka 1876.

MSTARI WA BURE

Mtu angedhani hadithi imekwisha hapo. La. Sheria ya 1876 iliamuru kila meli ichorwe mstari, lakini haikusema mstari uwe wapi. Mwenye meli alikuwa huru kuuchora apendapo! Yasimuliwa kuwa nahodha mmoja wa Cardiff, kwa dhihaka, aliupaka juu ya dohani ya meli yake.

Kwa hiyo miaka kumi na minne mingine ilipita. Kazi ikawa ya wataalamu, na hasa Benjamin Martell, mkaguzi mkuu wa Lloyd's Register, aliyepanga majedwali ya kuonyesha kila meli, kwa urefu na kina na umbo lake, yafaa ibaki na ubavu kiasi gani juu ya maji. Mwaka 1890 ndipo sheria ikaamua kuwa mahali pa mstari patawekwa kwa hesabu hizo, wala si kwa matakwa ya tajiri. Mapatano ya mataifa yakafuata mwaka 1930, na mengine mapya mwaka 1966, ambayo ndiyo msingi wa alama zinazoonekana leo.

Vile vijistari vya kando vina maana yake. S ni ya majira ya kiangazi, nayo iko sawa na mstari wa duara. W ni ya majira ya baridi, na iko chini kwa kuwa bahari huchafuka. T ni ya bahari za joto, na iko juu. F ni ya maji ya mto, yaliyo mepesi kuliko maji ya chumvi, hata chombo kikazama zaidi kwa uzito ule ule. Tofauti baina ya S na T ni sehemu moja kati ya 48 ya kina cha meli majini. Meli iliyozama mita 9.6 huongezewa sentimita 20 tu. Na katika sehemu za Bahari ya Arabuni ruhusa hiyo ya T haitolewi mwaka mzima, kwa sababu ya pepo za kusi. Manahodha wetu wa majahazi hawakuhitaji kuandikiwa hilo. Kusi ikikolea, chombo hupandishwa pwani.

MWISHO WAKE

Mwaka 1880 Plimsoll alikiachia kiti chake cha Bunge, lakini aliendelea kuwa upande wa mabaharia, akawa rais wa heshima wa chama chao, na akapigania pia wanyama waliosafirishwa kwa mateso katika meli za ng'ombe. Alifariki Folkestone tarehe 3 Juni 1898, akiwa na miaka 74. Mwaka 1929 chama cha mabaharia kilimjengea sanamu kando ya mto Thames. Hata viatu vya raba vya watoto wa shule viliitwa kwa jina lake huko Uingereza, kwa ajili ya ule ukanda ubavuni unaofanana na mstari wa meli.

Sisi wa pwani tunasema chombo cha kuzama hakina usukani, na kila roho ina siku yake. Ni kweli. Lakini tumefunzwa pia kumfunga ngamia kwanza, ndipo tutawakali. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka ikiwa na watu kupita kiasi, wakafa watu 272, karibu kabisa na nchi kavu. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama baina ya Unguja na Pemba, ikiwa imebeba watu wengi mno kuliko ilivyoruhusiwa. Hapo bahari haikuwa na kosa. Tamaa mbele, mauti nyuma.

Maisha ya Plimsoll yanatuonyesha kwamba mstari hauna faida ukiwa umechorwa na yule yule anayefaidi kuuvuka, wala hauna faida ukiwa hapana mtu gatini wa kuutazama. Basi utakapopita tena Likoni, itazame ile alama. Na siku utakapokuwa wewe ndiye abiria, ukaona chombo kimelala chini majini na bado watu wanapandishwa, usione haya kushuka. Baharia wa zamani alikwenda jela kwa kukataa. Wewe utachelewa tu.