Daktari Virginia Apgar

Mpwa wangu alipozaliwa hakulia. Mkunga alimsaidia kupumua, akaandika alama 4, kisha 8. Nikataka kujua hesabu hiyo yatoka wapi.

Ni ya Daktari Virginia Apgar, aliyezaliwa Marekani mwaka 1909. Aliacha upasuaji kwa ushauri wa mkuu wake, akajifunza kazi ya nusukaputi. Mwaka 1937 alikwenda Madison kwa Daktari Ralph Waters, aliyewafundisha madaktari kazi hiyo tangu 1927; kisha akarudi New York kufundisha wengine. Mwaka 1952 alieleza namna ya kumpima mtoto mchanga moyo, pumzi, nguvu za viungo, kushtuka na rangi. Kila jambo alama 0 hadi 2. Alifariki mwaka 1974.

Sasa mpwa wangu anakimbia. Wenzangu, tusidharau kazi tusiyoichagua.