Fridtjof Nansen na Viumbe wa Chini ya Barafu

Wengi wetu tulijifunza shuleni kwamba Nansen alikuwa msafiri wa Ncha ya Kaskazini. Sisi walimu hatukuongeza kwamba alikuwa pia mtaalamu wa wanyama wadogo wa baharini.

Alizaliwa Norwei tarehe 10 Oktoba, 1861. Mwaka 1882 aliajiriwa kutunza mikusanyo ya wanyama katika makumbusho ya Bergen. Mwaka 1888 alivuka Greenland kwa mbao za kutelezea, na mwaka uliofuata akamwoa Eva, binti wa marehemu Michael Sars, mchungaji wa Kilutheri aliyegeuka kuwa profesa wa elimu ya wanyama.

Juni 1893 aliondoka na watu kumi na wawili katika meli Fram, iliyojengwa ili ikibanwa na barafu iinuliwe juu badala ya kuvunjika. Alitaka barafu yenyewe iichukue kuvuka bahari. Wajuzi wengi walisema atapotea. Kamba ya kupimia kina ilishuka zaidi ya meta 3,000, mahali palipodhaniwa maji ni mafupi. Nyavu nazo zilileta viumbe wa jamii ya kamba na kaa, wengi wadogo kuliko uduvi wa pwani yetu. Kumbe hata huko, ambako jua halionekani kwa miezi, kulikuwa na uhai! Wakahifadhiwa ndani ya spiriti.

Machi 1895 Nansen na Hjalmar Johansen waliiacha meli wakaelekea Ncha na mbwa wao. Walifika digrii 86 na dakika 14, mbali kuliko mtu yeyote kabla yao, kisha wakalazimika kurudi. Agosti 1896 wote walikuwa nyumbani salama, na Fram pia pamoja na mikusanyo yake. Shemeji yake, Profesa Georg Ossian Sars, aliwachunguza viumbe wale, na mwaka 1900 akachapa kitabu. Baadhi yao hawakuwa wamejulikana kamwe. Mmoja, aishiye chini ya barafu, alipewa jina la Nansen, nalo analo hadi leo.

Baada ya Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, Shirikisho la Mataifa lilimkabidhi kazi ya kuwarudisha makwao wafungwa wa vita, nao waliorudi walizidi 400,000. Kisha akawa Kamishna wa Wakimbizi. Warusi wengi waliokimbia nchi yao hawakuwa na karatasi yoyote, na asiye na karatasi hapiti mpakani. Mwaka 1922 akawatengenezea cheti, kikaitwa pasipoti ya Nansen. Mwaka huohuo akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani, na fedha zake akazitoa kuwasaidia wenye shida. Alifariki tarehe 13 Mei, 1930.

Tunaandika haya kwa sababu moja. Mwaka fulani, tukiwa kazini, tulimrudisha mlangoni mtoto wa wakimbizi kwa kuwa hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Tulifuata kanuni, wala hatukumwuliza hata jina. Nansen, aliyejali hata kiumbe mdogo wa baharini apate jina lake, angemwuliza. Ndugu zetu mlio bado madarasani, akija kwenu mtoto kama yule, msimrudishe kama tulivyofanya sisi.