Salahuddin Ayyubi na siku ya kiu huko Hittin

Leo tunamkumbuka Sultani Salahuddin Yusuf bin Ayyub, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyezaliwa Tikrit, Iraki, mwaka 532 Hijria, katika ukoo wa Kikurdi. Wengi wetu tunamjua kama mshindi tu. Lakini mwaka 1177, karibu na Ramla, Wanamsalaba walimshinda vibaya hata akaponea chupuchupu kurudi Misri. Miaka kumi iliyofuata aliitumia zaidi kuziunganisha Misri, Damascus, Halab na Mosul, na mara nyingi aliokabiliana nao walikuwa Waislamu wenzake. Wapo waliomlaumu kwa hilo, na hatuwezi kusema hawakuwa na hoja.

Vita vilifufuliwa na Reynald, bwana wa ngome ya Karak. Mwaka 1183 mtu huyu alikuwa amepeleka majahazi Bahari ya Shamu kuitishia Hijazi, na baadaye akauteka msafara wakati wa mapatano ya amani.

Mwanzoni mwa Julai 1187 (583 Hijria) Salahuddin aliuzingira mji wa Tabaria, ulio kando ya ziwa. Wanamsalaba walikuwa wamepiga kambi kwenye chemchemi za Saffuriya, mwendo wa siku moja. Raymond wa Tarabulus aliwashauri wasiondoke penye maji, ingawa mkewe mwenyewe ndiye aliyezingirwa katika ngome ya Tabaria. Mfalme Guy alikubali, kisha usiku akageuza shauri. Asubuhi waliingia katika nyanda kavu, jua la kiangazi likiwachoma, huku wapanda farasi wa Kiislamu wakiwarushia mishale na kuwachelewesha. Walilala bila maji. Waislamu walikuwa na ngamia waliobeba viriba kutoka ziwani. Tena waliwasha moto majani makavu, moshi ukaelekea kambi ya adui. Kesho yake, chini ya vilima viwili vya Hittin, askari wa miguu waliacha safu zao, na kufikia alasiri mfalme alikuwa mateka. Salahuddin alimpa maji ya baridi, yaani amani kwa desturi ya Waarabu. Reynald alimuua kwa mkono wake.

Kwa nini siku moja igeuze vita vya miaka 88? Ni kwa kuwa Guy, ili apate jeshi kubwa, aliwatoa walinzi katika ngome na miji. Jeshi lilipoangamia, hakukuwa na wa kuilinda. Akka ilijisalimisha ndani ya juma moja, na Ijumaa tarehe 27 Rajab Baitul Muqaddas ilifunguliwa. Wakazi wake hawakuchinjwa kama ilivyotokea mwaka 1099. Walitozwa fidia, dinari kumi kwa mwanamume. Maelfu walioshindwa kulipa walichukuliwa utumwani, ingawa wengine aliwaachia bure.

Kosa lilikuwa mji wa Sur. Hakuuwahi mapema, na wakimbizi aliowaachia kwa ukarimu walikusanyika humo. Kutoka Sur Wanamsalaba waliizingira Akka, wakaitwaa mwaka 1191. Mwaka 1192 yeye na Richard wa Uingereza walifanya mapatano: pwani ikabaki kwa Wanamsalaba, Baitul Muqaddas kwa Waislamu.

Alifariki Damascus mwezi wa Safar 589, kabla hajaijaaliwa Hija aliyoikusudia. Katika hazina yake ilikutwa dinari moja na dirhamu 47.