Askofu Smythies na Mzigo wa Dayosisi

Charles Alan Smythies alizaliwa London mwaka 1844, akawekwa wakfu kuwa Askofu mwaka 1883 ili aiongoze misheni ya UMCA huku kwetu. Dayosisi yake ilikuwa Unguja, Magila, Masasi, hata Ziwa Nyasa. Nyasa alifika mara kadhaa, sehemu kubwa ya njia kwa miguu, na homa ikimwandama. Hakuwa mtu wa kupumzika, na kwa hilo si lazima tumfuate.

Lakini alitambua kwamba kazi ile humzidi mtu mmoja. Mwaka 1890 alimpa Cecil Majaliwa daraja ya ukasisi, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile. Akaomba pia Dayosisi igawanywe, na mwaka 1892 Nyasa ikapata Askofu wake, Wilfrid Hornby.

Mzigo ulipungua, ila mwili wa Smythies ulikuwa umekwisha choka. Alifariki melini Mei 1894, akirudi kwao mgonjwa, akazikwa baharini. Mwaka huohuo Hornby naye alishindwa kwa afya, akajiuzulu, akarudi Uingereza. Huyu alipona. Kuanzia 1904 hadi 1919 alikuwa Askofu wa Nassau, visiwa vya Bahama.