Gerald Portal: Balozi anayetajwa kuwaleta kunguru Unguja

Mfugaji wa Unguja anayepoteza vifaranga kwa kunguru huenda hajui kuwa ndege hao waliletwa kwa makusudi, tena kwa nia njema.

Anayetajwa kuwaleta ni Sir Gerald Portal, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1858. Aliingia kazi ya ubalozi mwaka 1879, akatumikia Cairo, na mwaka 1891 akawa balozi mkuu wa Uingereza Zanzibar.

Alikuwa mchapakazi. Enzi za Sultani Ali bin Said alizipanga upya fedha za serikali, na mwaka 1892 Zanzibar ikatangazwa bandari huru. Lakini Mji Mkongwe ulijaa taka. Dawa iliyoonekana rahisi ni kunguru wa India, ndege alaye mizoga na mabaki.

Mwaka 1893 Portal alikwenda Uganda, ambako leo mji wa Fort Portal una jina lake. Alifariki London Januari 1894 kwa homa ya matumbo, akiwa na miaka 35 tu. Hakuyaona matokeo.

Kunguru hawakutosheka na taka. Walikula mayai, vifaranga na matunda, wakawasumbua ndege wa asili. Miaka ya 1990 mitego na sumu viliwapunguza sana Unguja, lakini kazi iliposimama walizaana upya.

Je, mkulima anajifunza nini? Siku hizi wataalamu hutumia wadudu kula magugu, na swali lao la kwanza ni lile ambalo kunguru hawakuulizwa: anakula nini kingine? Mbawakavu walioachiwa Ziwa Victoria miaka ya 1990 kupambana na magugu maji walijaribiwa kwanza kwenye mimea mingine, ikaonekana kuwa maisha yao yanategemea gugu hilo.

Hata hivyo tahadhari inahitajika. Huko Uganda, miaka ya 1960, wadudu walioletwa kula kichaka cha lantana walihamia kwenye ufuta jirani majani ya lantana yalipokwisha. Bahati nzuri hawakuweza kudumu humo.

Kwa hiyo, ndugu mkulima, ukiletewa habari za mdudu wa kumaliza magugu, uliza: gugu likiisha, atakula nini? Usimwachie shambani kabla ofisi ya kilimo haijakupa jibu. Kiumbe akishazaana, hakuna wa kumrudisha alikotoka.